Picha Iliyogeuzwa Ukutani
Jumamosi nilikwenda Diani kutazama maonyesho ya kijana mmoja anayechora nyuso za watu wenye huzuni. Mbele ya picha ya mwanamke anayelia, kinywa wazi, mtandio umemwanguka mabegani, alisimama mama mmoja wa Msambweni, amekunja ngumi.

"Huyu ni mimi," alimwambia mchoraji. "Siku ya maziko ya mwanangu."

Mchoraji alimsogelea.

"Shikamoo, mama. Nilikuwepo msibani. Uso wako haukunitoka moyoni, ndipo nikauchora."

"Marahaba. Na ruhusa alikupa nani?"

Kijana alinyoosha mikono aitungue picha, lakini mama alimshika kifundo cha mkono.

"Usiitoe. Anayeliliwa hapo ni mwanangu. Igeuze tu."

Akaigeuza, ikatazama ukuta. Mama aliupapasa mgongo wa picha kwa kiganja, akajitanda mtandio wake vizuri, akatoka.

Sisi tuliobaki tuliambiwa tuendelee kutazama. Nilijaribu, lakini kila uso niliousogelea nilijiuliza kama mwenyewe aliombwa ruhusa. Nilimaliza ukumbi mzima nikitazama viatu vyangu.