Jiwe ya Kufulia ya Mama Pulchérie

Mi nakuambia, mutu asiweke muto kuwa shahidi wake. Muto haina adabu. Pulchérie, mama mukubwa wangu wa Busasamana, amelijua neno hilo akiwa na miaka sabini, na lilimuuma.

Shamba yake ya viazi ilishuka mpaka kwenye muto mudogo unaotoka kwenye volkano. Ng'ambo ni nchi ingine, Congo, na shamba ya jirani yake Sulaiman. Walisalimiana kila asubuhi, jembe mukononi, wakapeana mbegu. Kila mutu alisema muto ndio mupaka. Bon. Mwaka huu mvua ilipiga siku tatu, muto ikahama, ikapita karibu na mulango wa mama. Shamba yote ikabaki ng'ambo. Yesu wangu! Na hana ingine.

Wakubwa wa nchi zote mbili wakaja na makaratasi. Wakasema mupaka ni jiwe yenye namba, Wazungu waliipanda zamani. Wakamuuliza Sulaiman iko wapi. Akaangalia miguu yake. "Bon," wakasema, "kesho jiwe ikikosekana, tunafuata muto."

Nilikuwa nimepanda kutoka Mbugangari, kule mujini, kumusaidia. Nikamukuta uwanjani, anaitazama jiwe yake ya kufulia.

"Mama, nguo iko wapi?" nikamutania.

Hakucheka. Akachimbua udongo pembeni ya jiwe. Namba!

"Muzee wangu, bwana yangu, aliileta," akasema. "Ilikuwa inavunja jembe. Na muto ilikuwepo, nani angejali jiwe?"

Nikapiga vigelegele. "Donc umepona! Tuirudishe pale muto ilipitia zamani!"

"Haikuwa pale. Ilikuwa katikati ya shamba, kwenye ule muyenzi."

Muyenzi ni muti tunaopanda kwenye mupaka wa mashamba. Tangu utoto nilishangaa kwa nini ule mumoja ulisimama peke yake katikati ya viazi.

"Nusu ni ya Sulaiman," akasema. "Nilijua. Kila siku nikifua, nilijua."

Nilikasirika, sifichi. "Sulaiman hajui! Muto imekuibia, na we iibie!"

"We Alliance, nyamaza. Miaka makumi tatu muto ilinidanganyia kwa faida yangu, sikulalamika hata siku moja."

Asubuhi, mbele ya wakubwa wote, akasema yote. Nikaona haya juu yake, na hasira pia. Tukashika jiwe, mimi na yeye, tukashindwa hata kuiinua. Sulaiman akavuka maji, suruali imekunjwa, akainama upande wa pili, akaweka mikono chini ya jiwe bila kutafuta pa kushika.

"Shika pembe hiyo, binti yangu," akaniambia. "Ile siku muzee wake alishika hapo."

Mama akamutazama. "Sulaiman! Ulikuwepo?"

"Jiwe hii mutu mumoja haibebi, Mama Pulchérie. Mi ndio nilimusaidia. Miaka yote hiyo nilisema, acha majirani wapate kula." Akafuta uso. "Lakini jana waliponiuliza, tamaa ilinishika. Unisamehe."

Tukaibeba mpaka kwenye muyenzi.