Kanuni Moja, Mahali Saba

Mwanangu, kuna siku siwezi kuisahau hata nikisahau jina langu. Ilikuwa mjini Baraka, kando ya ziwa, vita havijatutoka, nami nilikuwa kijana mwenye kichwa kikubwa kuliko kofia yake. Shule niliiacha darasa la tano. Redio nilijifunza kutengeneza mwenyewe, kisha kompyuta, kisha kuandika programu, kwa kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada. Ninalisema hili kwa kiburi hadi leo, na atakayekasirika akasirike.

Kwenye depo ya chakula cha waliokimbia vita kulikuwa na kompyuta moja iliyokula betri za gari. Programu yangu ndiyo iliyotoa orodha ya mgao kwa vijiji saba. Kanuni ya mgao niliiandika kwa ajili ya kijiji cha Nundu, kisha, kwa uvivu, nikainakili ilivyo kwa kila kijiji. Ilifanya kazi. Watu wakaniita enjenieri, nikavimba.

Ndipo ikaja amri: mama anayenyonyesha apewe unga wa uji mara mbili. Nikabadilisha kanuni mahali sita. Lweba, kijiji cha saba, nikaisahau. Mtumbwi wa chakula ukaenda kwa njia ya ziwa, orodha ikasomwa, na bamama wa Lweba wenye watoto mgongoni wakarudi nyumbani na nusu ya haki yao. Na mtumbwi wa nyakati zile, mwanangu, ukifika leo hukujua utafika tena lini.

Mama Riziki, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, mkubwa wa bamama wa Lweba, akaja kwa miguu akipita mashambani, maana barabara ilikuwa na bunduki. Hakunisalimu.

“Ni we ulisema bamama ba Lweba habanyonyeshe?”

“Mama, ni kosa kidogo. Bahati mtumbwi unarudi kwenu kesho asubuhi. Naongeza mustari moja, inaisha.”

“Kwanza nisomee yote.”

“Hautaelewa, Mama.”

“Masikio iko. Nisomee!”

Nikasoma. Nundu, x mbili ikiwa ndiyo, unga mara mbili. Kijiji cha pili, maneno yale yale. Cha tatu, yale yale. Nilipofika cha nne akainua mkono.

“Weye, uko unaimba? Hiyo sheria iko moja ao iko saba?”

“Iko moja.”

“Sasa mbona umeilalisha mu nyumba saba? Na hii x mbili ni nani?”

“Ni mama mwenye kunyonyesha.”

“Basi umuite jina yake! Ukikufa kesho, nani atajua x ni nani?”

Akaketi juu ya gunia, sauti ikashuka. “Ndagala zikianikwa, za juu zinang’aa. Za chini zikianza kuharibika, jicho haioni, pua inajua. Programu yako haiyaoza, mutoto wangu, lakini inanuka.”

Kwa aibu nikasema basi nitafuta yote nianze upya. Akacheka. “Ukimwaga zote, kesho batakula nini? Ndagala tunageuza, hatumwage.”

Tukageuza. Kwanza nilichapa orodha za vijiji vyote kama zilivyokuwa. Kisha nikaiweka kanuni mahali pamoja, nikaielekeza Nundu pale, nikachapa tena. Yeye alishika karatasi ya zamani, mimi mpya, tukalinganisha jina kwa jina. Sawasawa. Kijiji cha pili, sawasawa. Cha tatu, karatasi zikatofautiana. Nikarudi hatua moja nyuma, nikaona nilipokosea, tukaendelea. Ile x ikapewa jina lake, mama anayenyonyesha. Lweba tuliiacha na kosa lake hadi mwisho, naye akanuna kwelikweli, lakini nilitaka kujua kwamba kusafisha hakukubadilisha mgao wa mtu hata mmoja. Jua lilipokuwa likishuka nikaiunga Lweba, na bamama wa huko wakaandikiwa mara mbili, pamoja na kile walichopunjwa. Asubuhi Mama Riziki aliondoka na mtumbwi, amekaa juu ya magunia kama malkia, orodha kifuani.

Mwezi uliofuata amri ilibadilika tena. Nikagusa mahali pamoja tu, vijiji saba vikafuata. Nilimshukuru kimoyomoyo. Baadaye nilikwenda Lweba kumshukuru kwa mdomo, akanipa ndagala, akaniuliza kama bado ninaimba.

Basi wewe unayeandika programu leo, una diploma nisiyo nayo, sikiliza. Programu inayofanya kazi inaweza kuwa inanuka. Ukiona neno moja umelirudia mara tatu, hiyo ni harufu. Jina lisilosema kitu, hiyo nayo ni harufu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Safisha kidogo kidogo, na kila hatua uhakikishe kazi ya nje haijabadilika. Kusafisha usikuchanganye na kurekebisha. Kila kimoja na zamu yake. Na msomee mtu kwa sauti, hata asiyejua kompyuta, kwa maana mficha ugonjwa kilio humfichua.

Mungu akupe pua kali na mkono usio na pupa. Na akupe Mama Riziki wako, atakayekuja kwa miguu kukwambia: nisomee.