Krimu ya Mama Mizizi

Mpambaji wa maharusi ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Sura alikuwa na ulimi usioogopa kitu, na sisemi maneno tu, ingawa kwa maneno pia hakuwa nyuma. Alikuwa anaonja vipodozi. Poda, mafuta, rangi ya midomo, vyote vilipita kwanza kwenye ncha ya ulimi wake kabla havijagusa uso wa mteja. "Kama mimi siwezi kukilamba," aliwaambia waliokaa kwenye kiti chake kilichofungwa mguu kwa waya, "na wewe sikupaki."

Hakuanza hivyo. Miaka ya mwanzo alipaka chochote kilichokuja ndani ya kopo zuri, mpaka siku gundi ya kope bandia ilipomvimbisha bibi harusi mmoja macho yakafumba, akaolewa bila kumwona anayemuoa. Watu walicheka mpaka mbavu zikawauma. Yeye hakucheka. Kesho yake alibeba vipodozi vyote vya dukani akavimwaga kwenye pipa la taka, akaapa kutumia vitu vya asili peke yake. Udongo mweupe aliuchekecha kwa kitambaa mara tatu ukawa poda. Wanja aliutengeneza kwa masizi ya mafuta ya nyonyo. Rangi ya midomo aliipika kwa nta ya nyuki katika sufuria ileile ambayo marehemu mumewe alichemshia mayai bila kuuliza, akashinda siku nzima kazini na meno mekundu.

Kitu kimoja tu kilimshinda: krimu ya kupaka chini ya poda. Kila alipojaribu ilikatika kama maziwa yaliyochacha. Basi akawa anainunua kwa mwanamke mmoja aliyejiita Mama Mizizi, aliyeileta kwa ndoo, bila nembo wala maandishi, akila kiapo kwamba ni mizizi ya porini na mafuta ya nazi, basi. Fundi Sura aliipitisha kwenye vipimo vyake vyote. Aliinusa. Aliipaka kwa ndani ya kiwiko akalala nayo. Aliilamba. Haikuwasha, haikuchoma, haikunuka dawa. Kwa akili yake, sumu ni lazima iwashe. Akaridhika, akawa anaigawa kwenye vikopo vidogo vya kuwapa wateja waende navyo nyumbani, kila kimoja amekiandika kwa mkono wake: ASILI TUPU.

Wateja walitakata. Jamani, walitakata! Madoa yalifutika, shingo zikabaki nyeusi chini ya nyuso za rangi nyingine. Hapo ndipo alipotakiwa kushtuka, maana ni mizizi gani hiyo inayombadilisha mtu rangi kwa wiki tatu? Lakini sifa ni tamu, na Fundi Sura alikuwa amevimba kichwa. Mke wa mwanawe wa pekee aliposhika mimba na uso ukamtoka madoa, ni yeye mwenyewe aliyempelekea kopo, akamfungulia na kifuniko.

"Paka asubuhi na jioni, mwanangu. Hii hata mtoto mchanga unampaka."

Mkwe alipaka miezi mitano, asubuhi na jioni, bila kukosa hata siku moja.

Siku ndoo ilipomwishia kabla ya wakati, na Mama Mizizi hapokei simu, Fundi Sura aliulizia njia akaenda mwenyewe, ndoo tupu mkononi. Hakuwahi kufika kwake. Mama huyo alipenda kuleta mzigo, hakupenda kufuatwa. Mlango wa uani ulikuwa wazi, na Fundi Sura akaingia akipiga hodi.

Mama Mizizi alikuwa amekaa kwenye kigoda, beseni la kufulia katikati ya miguu, povu la jana limekaukia kwenye ukingo. Alikuwa anakamua tyubu ya krimu ya dukani. Akimaliza kuikamua, anaichana kwa mkasi, anaikwangua kwa kidole, anakikung'uta kidole ndani ya beseni, anachukua nyingine. Mkono aliovurugia ulikuwa umevikwa mfuko wa plastiki uliotoboka. Nzi wawili walikuwa wamenasa kwenye krimu, mmoja bado anapiga miguu, na mama yule akawatoa kwa ukucha, akawapangusia kwenye gauni, akaendelea kukoroga.

Fundi Sura aliokota tyubu moja kutoka kwenye rundo. Maandishi mengi yalimpita, lakini neno zebaki alilijua, na pembeni yake palikuwa na picha ya mwanamke mwenye tumbo, imekatwa kwa mstari mwekundu.

"Mizizi iko wapi?" aliuliza.

"Mizizi gani tena, shoga?" Mama Mizizi hata hakusimama. "Natia manjano kidogo ipate rangi. Mengine unayaona mwenyewe."

"Uliniapia!"

"Na wewe ukaandika asili tupu kwenye vikopo vyako, nilikushika mkono? Unadhani watu wanafuata huo udongo wako? Wanafuata hii. Keti, nikujazie ndoo yako."

Hapo ndipo Fundi Sura alipoukumbuka ulimi wake. Miaka miwili, kila ndoo, ameilamba. Aliuhisi mdomoni kama kitu cha mtu mwingine, mnene, una utando. Alitema mate, akatema tena, akajipangusa ulimi kwa upindo wa gauni, halafu akatapika ukutani.

"We! Usinichafulie uwanja!" alifoka Mama Mizizi, mikono yote miwili ndani ya beseni.

Fundi Sura alijipangusa mdomo. Alizoa tyubu tupu akajaza ndoo yake, akaondoka nazo moja kwa moja hadi kwa mkwewe. Alimkuta anakunja nguo ndogo za mtoto, nyeupe zote. Alimweleza akiwa amesimama mlangoni, bila kuzungusha maneno, na alipomaliza mkwe aliweka mkono kwenye tumbo akasema kwa sauti ndogo, "Lakini Mama, ulisema hata mtoto mchanga."

Waliongozana hadi kliniki. Nesi, mwanamke mpana mwenye miwani iliyoning'inia kwa uzi, alizigeuza tyubu moja moja, kisha akalichukua kopo la mkwe akasoma yale maandishi ya mkono. Aliguna kwa dharau.

"Asili tupu! Nani kakupa uchafu huu?"

Mkwe aliinama. "Nilinunua barabarani, kwa mchuuzi. Simjui."

Kifua cha Fundi Sura kilishuka. Alipumua. Kwa muda wa pumzi ile moja aliona raha, raha kabisa ya mtu aliyeponea chupuchupu, na ghafla raha hiyo ikamchefua kuliko beseni na nzi wake. Binti wa watu amebeba sumu pamoja na mjukuu wake, bado anamfichia aibu, na yeye anashukuru!

"Anadanganya," alisema. "Ni mimi. Hayo maandishi ni yangu."

Nesi alimtazama. Kisha akamgeukia mkwe, akamweleza taratibu: aache leo, amtafute daktari kesho, watapima damu na mkojo.

"Na mtoto?" mkwe aliuliza.

"Sitakudanganya, mdogo wangu. Tutamfuatilia. Mengine tutayajua akishazaliwa."

Mkwe alianza kulia bila sauti. Fundi Sura aliunyoosha mkono kumshika, akauona mkono wenyewe, ule uliofungua kifuniko, akaurudisha mapajani.

"Wewe mama," nesi alisema, akivuta karatasi, "wengine uliowapa ni watu gani? Wazee? Vijana?"

"Maharusi."

Kalamu ya nesi ilisimama. "Wote?"

"Wote. Miaka miwili. Wengi wao sasa..." Hakuweza kumaliza, alionyesha tumbo la mkwewe.

Nesi alivaa miwani. "Nitajie."

Fundi Sura alifungua mdomo, akaanza na wa kwanza.