Pipa la Busaa la Fundi wa Taa

Juzi binamu yangu wa Rodi Kopany alinitumia picha kwenye simu. Wanabomoa nyumba ya zamani ya babu, akasema, na kuna vitu vingi vya kutupa: kitanda cha chuma, redio isiyo na mgongo, na pipa moja la bluu ambalo mnunuzi wa vyuma chakavu amelitolea bei ya soda. Akauliza kama si letu. Niliikuza picha kwa vidole viwili. Katikati ya mfuniko palikuwa na valvu ya tyubu ya pikipiki, na kile kikofia chake cheusi bado kimekazwa. Nilimwandikia asiliuze hata akipewa lori zima la soda. Kesho yake nilikuwa njiani kwenda kulichukua.

Ngoja nikueleze habari za pipa hili, maana wewe ukiliona utasema ni la maji tu.

Nilikulia kwa nyanya, Muhuru Bay, katika boma lililokuwa juu kidogo ya ufuo, mahali ambapo nguo zote, hata za Jumapili, zilinuka omena, wale dagaa wa ziwani. Nyanya alipika busaa, pombe ya kienyeji ya nafaka. Kanisani walimwombea aache, naye aliitikia amina kwa sauti kuliko wote, kisha akirudi nyumbani anageuza kimea chake. Kimea kilikuwa wimbi, yaani ulezi, lililooteshwa na kuanikwa juani juu ya gunia, na kazi yangu mimi ilikuwa kufukuza kuku. Unga wa mahindi ulilowekwa mpaka ukachachuka, ukakaangwa juu ya bati kubwa hadi ukawa chenga za kahawia. Hizo chenga nilizila kwa siri zikiwa moto, chachu na tamu kwa pamoja, na hadi leo sijapata biskuti ya kuzishinda. Baadaye vyote viliingia chunguni pamoja na maji, na nyumba nzima ikanukia kama mkate uliolewa.

Siku ya pili nyanya aliniita niweke sikio kwenye chungu. Ndani mlikuwa na sauti ndogo, kama mvua nyepesi juu ya majani ya migomba. Nyanya alisema busaa ikiwa hai inaongea, na ikinyamaza imekufa, na mtu mwenye akili haendi kwa mwenzake amebeba maiti. Hayo aliyasema mara nyingi, na sisi watoto tuliyaamini kabisa.

Basi mwaka ule, nikiwa na umri wa miaka tisa hivi, alifika mfanyabiashara wa omena akiwa na ujumbe kutoka Rodi Kopany, kwa kaka yake nyanya. Lazima ujue kwamba hao wawili hawakuwa wameonana tangu matanga ya mama yao. Nyanya alikuwa amepika busaa ya wageni kwenye matanga yale, vyungu vinne, na kaka yake, ambaye siku hizo alikuwa amepata cheo kanisani, aliviinamisha vyungu vyote na kumwaga busaa uani mbele ya watu. Nyanya alifunga kanga yake akaondoka bila kuaga. Hakukanyaga tena pale. Mimi nilizaliwa nikakua bila kumjua babu huyo, na jina lake halikutajwa nyumbani kwetu.

Sasa alikuwa mgonjwa. Ujumbe wake ulikuwa mfupi, na mfanyabiashara yule aliutoa akiwa amesimama mlangoni, kofia mkononi: "Anasema umpelekee ile aliyomwaga."

Nyanya aliingia jikoni, na muda si mrefu nikamsikia anapepeta wimbi.

Shida ilikuwa safari. Kutoka kwetu hadi Rodi Kopany ulipita Migori, ukapita Rongo, barabara imejaa mashimo, na busaa si maziwa. Ukiifungia kwenye dumu na kukaza kifuniko, inavimba na kupasua dumu. Ukilegeza kifuniko, inapoa na kuchacha, ikafika imenyamaza. Nyanya hakutaka kufika na maiti, kwa kaka huyo kuliko mtu yeyote.

Ndipo akaenda kwa jirani yetu, fundi wa karabai. Siku hizo wavuvi wote wa omena walitumia karabai, zile taa za presha zinazopampiwa, na ufuo mzima ulimtegemea huyu mzee mwembamba mwenye vidole vilivyochafuka kwa mafuta ya taa. Presha aliijua kama mimi nilivyojua kuku. Aliposikiliza shida ya nyanya alicheka kidogo, akasema kwamba busaa na karabai ni ndugu, vyote vinataka pumzi isitoke ovyo. Alitafuta pipa dogo, nene, la plastiki lenye mfuniko wa kukaza. Akakata duara la mpira kutoka kwenye tyubu ya gari, akaliweka chini ya mfuniko. Akatoboa mfuniko katikati kwa msumari uliochomwa moto, akapachika ile valvu ya pikipiki kwa nati mbili na washa, zile pete ndogo za ngozi za kuziba nafasi, alizozilowesha mafuta. Kisha akapaka povu la sabuni kila mahali, akaingiza hewa kwa pampu ya baiskeli, akainama. Hakikutokea kiputo hata kimoja cha sabuni. Alimfundisha nyanya kwamba asubuhi na jioni abonyeze pini ya valvu, ahesabu mpaka tatu, aachie; pipa likiwa gumu kama mpira wa miguu, busaa iko salama.

Nyanya alipobonyeza mara ya kwanza nilikuwa nimesimama kando yake. Ilitoka sauti ile ile ya karabai za jioni, fssss, lakini yenye harufu ya mkate na ndizi mbivu, ikanipiga usoni. Sijui nikwambieje. Niliipenda kama watoto wengine wanavyopenda peremende.

Unajua tayari nilichofanya. Nyanya akienda shambani, mimi naenda kwenye pipa. Nilibonyeza kidogo. Nikabonyeza tena. Nilihesabu mpaka tatu, halafu mpaka ishirini. Jioni nyanya aliligonga pipa akakuta ni laini, akamwita fundi.

Fundi alikuja na sabuni yake. Hakuona kitu. Akaongeza nta ya mshumaa kwenye uzi wa kukazia mfuniko. Kesho yake pipa laini. Akabadilisha mpira. Laini. Akasugua sabuni ya kipande kuzunguka nati, akapaka gundi ya viraka vya baiskeli, akalala kifudifudi sikio likiwa kwenye plastiki, na mimi nimesimama pale na kikombe chake cha chai, nikimtazama anatafuta tundu ambalo halikuwepo. Kwa nini sikusema? Niliogopa fimbo, huo ndio ukweli. Na kila siku niliyonyamaza ilifanya siku iliyofuata kuwa ngumu zaidi.

Siku ya nne busaa ilinyamaza. Nyanya aliionja, akatema, akaimwagia nguruwe wa jirani. Ikabidi aanze upya, unga, bati, kimea, vyote, na lori la omena ambalo lilikuwa litupeleke likaondoka bila sisi. Ufuoni wavuvi walianza kumtania fundi kwamba ameshindwa na busaa ya mwanamke. Utani ukanoga. Wengine walianza kupeleka taa zao kwa kijana mmoja wa upande wa pili, wakisema mkono wa mzee umechoka.

Busaa ya pili ilipoingia pipani, fundi alikuja mwenyewe, akaomba nyanya asiliguse kabisa siku hiyo. Mimi sikuombwa, kwa hiyo mchana nikaenda. Jioni fundi alirudi, akaligonga pipa, kisha akanisalimia kwa mkono kama mtu mzima, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliushika mkono wangu akaugeuza. Kidole changu cha kwanza kilikuwa na alama nyeusi ya grisi. Alikuwa ameipaka kwenye pini ya valvu asubuhi, kidogo tu, na mimi sikuiona.

Nyanya alikuwa hatua tano kutoka kwetu, akichochea moto. Fundi alitoa kitambaa chake chenye mafuta ya taa, akakifuta kile kidole polepole mpaka kikawa safi. Ndipo akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sauti yake unaipenda?" Nikatikisa kichwa kukubali, machozi yananitoka. Akasema, "Kuanzia kesho njoo kwangu."

Kisha alimgeukia nyanya akamwambia kwamba ameona kosa. Ni washa, alisema, aliikata vibaya tangu mwanzo, amezeeka sasa, amsamehe.

Kuanzia kesho yake nilikuwa na karabai yangu mwenyewe kwenye karakana yake, mbovu, isiyo na kioo, ya kupampia na kutoa pumzi kadiri nilivyotaka. Pipa likakaa gumu. Siku chache baadaye tulipanda lori la omena alfajiri, nyanya mbele na dereva, mimi katikati yao, na pipa nyuma kati ya magunia, limefunikwa kwa turubai ili askari wa barabarani wasilishangae.

Tulipofika Rodi Kopany, mke wa babu alitupokea langoni akilia. Alisema wiki iliyotangulia babu alikuwa bado anakaa nje kwenye kiti, akiuliza kila lori lililopita kama limetoka Muhuru. Sasa hakuweza kuketi. Mimi nilihesabu siku kichwani. Tungalikwenda na ile busaa ya kwanza tungalimkuta kitini, wangalikunywa pamoja kwa oseke, ile mirija mirefu ya wazee, kutoka chungu kimoja, mchana kutwa. Hilo limenikaa hapa kifuani hadi leo.

Ndani, babu alikuwa amelala kando ya ukuta, mdogo kuliko nilivyomfikiria. Nyanya aliliburuta pipa mpaka kitandani, akalitega karibu na kichwa chake, akaniangalia.

"Nyakwara, bonyeza."

Nilibonyeza, nikahesabu moja, mbili, tatu, na ile sauti ikajaa chumbani pamoja na harufu yake. Babu alifumba macho. Midomo yake ilichukua muda kupata maneno.

"Bado inaongea, dada."

Nyanya alimnywesha kwa kijiko. Vijiko vitatu, kisha naye akanywa kutoka kijiko hicho hicho. Walilia kama watoto, na wakubwa wote wakatoka wakatuacha. Babu alizikwa kabla ya mvua kwisha, na nyanya ndiye aliyepika busaa ya matanga. Pipa tuliliacha kwao.

Nyanya aliishi miaka mingi baada ya hapo, na akimsifu fundi aliongeza daima kwamba alikuwa na mikono ya ajabu ila ile washa ya kwanza ilimshinda. Nilisikia hivyo labda mara mia. Mara mia nikanyamaza. Fundi alikufa akiwa mtu aliyeshindwa na pipa, na nyanya akamfuata bila kujua. Karabai nazo zimekwenda. Wavuvi sasa wana taa za sola, nyepesi na nyeupe, zisizotoa sauti yoyote, na watoto wa ufuoni wakisikia fssss wanadhani ni tairi imetoboka. Nani anapika busaa kwa bati siku hizi? Simjui hata mmoja.

Kwa hiyo nililichukua pipa Rodi Kopany na sikulipeleka kwangu. Nililipeleka Muhuru, kwa mjane wa fundi. Nilimkuta ufuoni, mzee sasa, ameketi kando ya nyavu zilizotandazwa mchangani akigeuza omena, na wanunuzi wawili kutoka Migori wakimsubiri. Nilipiga magoti nikamweleza yote, kidole, grisi, kitambaa, na lile neno la washa. Nilimwambia kwamba sikumwomba mzee wake msamaha nilipopaswa.

Mkono wake ulibaki juu ya omena.

"Hata mimi aliniambia ni washa," alisema mwishoni. "Miaka yote hiyo, ndani ya nyumba yake mwenyewe."

Kisha aliwageukia wale wanunuzi, ambao hawakujua kitu chochote kuhusu jambo hilo, akaacha Kijaluo akawaambia kwa Kiswahili, taratibu, neno kwa neno: "Nyinyi, sikieni. Mzee wangu alitengeneza pipa. Hiyo pipa haikuwa inavuja."

Wanunuzi waliitikia kwa adabu. Yeye hakuridhika. Alinituma niteke maji ya ziwa, nikajaza pipa mpaka juu, nikakaza mfuniko kwa nguvu zangu zote. Akaniambia nilipindue. Nililipindua kichwa chini juu ya mchanga mkavu, pale kati ya nyavu, na mpira wake wa zamani na valvu yake ya pikipiki, uzito wote wa maji ukiwa juu yake. Tukakaa tukingoja, yeye, mimi na wanunuzi. Aliletewa chai, akaikoroga. Akainywa yote. Kisha akanishika bega, akainama, akapitisha kiganja chake kwenye mchanga kuzunguka mfuniko, duara zima, mpaka akarudi alikoanzia.

Ulikuwa mkavu.