Disketi ya Mama Kulwa

Nimekosa, jamani. Msinihurumie, nisikilizeni tu.

Miaka ya tisini ilikuwa inaishia. Nilikuwa karani wa kompyuta kwenye ofisi ya watafiti wa dhahabu pale Ibadakuli. Mawe yalichimbwa Masumbwe, yakapimwa, na majibu nikayaingiza mimi: shimo lipi lina dhahabu, lipi tupu. Hayo majibu ndiyo yalikuwa mali yenyewe. Madalali waliyatafuta kama wehu.

Kwa hiyo bosi aliifunga kompyuta mara mbili. Neno la siri nililijua mimi peke yangu. Halafu ilitaka disketi maalumu, nayo ilikaa kwa Mama Kulwa, mtunza stoo, mtu mzima. Mmoja bila mwenzake hafungui kitu.

Mh! Kila asubuhi niende stoo, na cheti changu cha kompyuta cha Dar, nipige goti. "Shikamoo, Mama Kulwa." Naye hana haraka. "Marahaba, mwanangu. Umeamkaje? Mama yako mguu umepona?" Ndipo afungue mkoba. Alinipenda, yule mama. Mimi alinikera.

Siku moja alitoka kidogo, akauacha mkoba. Nikachomoa disketi, nikaitumbukiza chooni. Kisha nikaenda kwa bosi na uso wa huzuni. "Nasikia Mama Kulwa anaiazimisha disketi kwa madalali." Mungu wangu, mdomo huu!

Walimwaga mkoba wake mezani mbele ya ofisi nzima. Kitana, vidonge vya presha, karanga. Disketi hakuna. Akanigeukia.

"Mwanangu, waambie. Wewe unanijua."

"Mimi na yeye ni shikamoo tu," nikasema. "Zaidi ya hapo simjui."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka! Akafukuzwa siku hiyohiyo, mjane mwenye mapacha.

Fundi wa kompyuta akatengeneza disketi nyingine, bosi akanikabidhi mimi. Neno langu, disketi yangu, simwamkii mtu. Nikajiona malkia.

Haikufika mbali. Asubuhi moja tukasikia wachimbaji wamevamia Masumbwe, wamekaa juu ya mashimo yaleyale yenye dhahabu, hawakukosea hata moja. Majibu yamevuja! Bosi hata hakupiga kelele, aliita polisi.

"Neno la siri la nani? Disketi ya nani? Basi."

Haki ya Mungu, safari hiyo sikuwa mimi! Labda fundi alibaki na nakala, sijui. Nani angeniamini? Zamani angekuwepo Mama Kulwa wa kusema huyu disketi hakuichukua. Sasa nililia mahabusu peke yangu.

Mama yangu alimfuata Mama Kulwa nyumbani, na mguu wake ule mbovu, akapiga magoti. "Mayu, mama, nenda kamsemee mwanangu. Wewe unamjua."

Mama Kulwa alimpa kiti, akampa na maji ya kunywa. Akamjibu taratibu, "Mimi na yeye ni shikamoo tu."

Nikafungwa. Mchumba wangu akaoa kwingine. Nilipotoka, nilikutana na Mama Kulwa sokoni, nikapiga goti palepale kwenye vumbi, nikamwamkia. Alinitazama, akapita.

Wewe unayeona kero kumfuata mwenzako mwenye ufunguo wa pili, mfuate. Mwamkie. Usitamani ushike vyote peke yako. Mimi nilimfukuzisha mtu pekee duniani ambaye angeapa kwamba sikuiba.