Abiria Tuliosubiriwa Chilangala

Mimi ndiye niliyetoa wazo la abiria kukutana. Mwezi wa tatu tulikuwa kwenye basi moja kutoka Dar es Salaam kuja Masasi, mvua ikakata barabara kabla ya Lindi, tukakaa palepale siku mbili, maji mbele, maji nyuma. Watu wasiojuana waligawana khanga, maji ya kunywa na chaja za simu. Barabara ilipofunguliwa, mmoja wetu alianzisha kundi la WhatsApp, na kwa wiki kadhaa tulijuliana hali kila asubuhi kama ndugu. Kisha salamu zikaanza kupungua. Mimi ni mwalimu, sipendi darasa litawanyike bila kuagana. Nikaandika: "Jamani, tukutane siku moja Masasi. Tule, tucheke, basi."

Mipango ilikwenda shaghalabaghala. Fundi cherehani wa Newala alitaka pilau. Muuguzi wa Ndanda akasema pilau tumeichoka misibani, afadhali kuku wa kuchoma. Mwingine alituma picha ya mbuzi, hakuongeza neno. Jambo moja tu halikuwa na ubishi: bibi lazima awepo.

Bibi alikuwa amekaa kiti cha nyuma kabisa na kikapu cha ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini vya kwetu, na ndiyo tuliyokula siku ile ya kwanza ya kukwama. Alipita kiti hadi kiti. Kila aliyempa chakula alimshika mkono kwanza, akamtazama usoni kwa muda uliozidi kidogo, kisha akasema, "Haya," na kusogea kwa mwingine. Hakuwa na simu. Tulichojua ni kwamba kwao ni Chilangala, upande wa Newala.

Nikakubaliana na fundi twende wawili kumwalika. Hatukupanga siku mpaka Jumatano jioni, mteja wake alipoahirisha kuchukua suti. Alinipigia: "Mwalimu, kesho nina nafasi. Njoo." Hatukumwambia mtu mwingine.

Ilikuwa Juni, na asubuhi ile ukungu ulikuwa umepanda kutoka bondeni na kuukalia uwanda wote. Nilikaa nyuma ya pikipiki ya fundi, meno yakigongana kwa baridi. Mikorosho ilijitokeza mmojammoja kando ya njia, ikapotea. Hatukusikia jogoo wala mtwangio. Tulipofika njia panda ya kuingia kijijini, mwanamke wa miaka thelathini hivi alikuwa amesimama pale, khanga kichwani, ameloa kama mtu aliyesimama muda mrefu. Fundi akapunguza mwendo ili aulize njia.

"Shikamooni," akatuwahi. "Ninyi ndio abiria wa mama."

"Marahaba," nikasema. "Mama yako ndiye aliyekwama nasi njiani?"

"Ndiye. Twendeni, maji yameshachemka."

Uani kwao mkeka mkubwa ulikuwa umetandikwa. Sufuria mbili zilikuwa mekoni, na kando yake ungo wa mihogo iliyomenywa. Nilimtafuta bibi kwa macho, nikauliza kama bado amelala. Binti akaweka mwiko chini.

"Mama tulimzika wiki tatu zilizopita."

Fundi alivua kofia, akasema, "Inna lillahi," kisha akakaa bila kukaribishwa. Tulitoa pole. Kisha nikauliza ametujuaje.

"Mama alisema siku ya ukungu mzito watakuja wawili, mwalimu na mshonaji, kumwita kwenye shughuli. Akasema niwaambie shughuli ifanyike hapa. Huu ni ukungu wa kwanza tangu tumzike, nikaenda kusimama njia panda." Alisema hivyo akikoroga, kama anayesimulia bei za sokoni. "Na yule muuguzi, chakula chake kisitiwe chumvi."

Nikaenda nyuma ya nyumba kumpigia muuguzi. Nilimweleza msiba, akalia. Nilipofika kwenye chumvi, akanikatiza.

"Nani amekwambia?" akauliza.

"Niambiwe nini?"

"Presha. Nimepimwa juzi, Jumanne. Hata mume wangu sijamwambia."

Bibi alikuwa kaburini wiki tatu.

Mkutano wetu ulifanyika Chilangala, Jumamosi iliyofuata. Tulifika kumi na mmoja, wengine kutoka Chidya, wengine Masasi mjini. Tulisoma dua, tukala, na tulicheka pia, kwa sauti za chini. Chakula cha muuguzi kilipakuliwa kwenye bakuli la peke yake. Alikula chote huku machozi yakimtoka.

Tulipokuwa tunaaga, binti alisema mama yake alimwachia kila abiria neno, na atakayetaka lake amfuate ndani. Watu wakatazamana. Fundi peke yake ndiye aliyenyanyuka. Alikaa ndani dakika chache, akatoka anacheka, kisha cheko likakatika, akaniambia, "Mwalimu, panda, twende."

Mvua za Desemba zilipoanza, ukuta wa nyuma wa nyumba yake Newala uliangukia ndani asubuhi, saa ambayo watoto wake hawajaamka. Nilipokimbia kwenda kumwona nilitegemea msiba. Niliwakuta watoto wote watatu sebuleni wanakunywa uji. Tangu ile Jumamosi ya Juni alikuwa amewahamishia hapo kulala, na mkewe alimnunia miezi yote hiyo kwa kubanana bila sababu.

"Aliniambia chumba cha nyuma," fundi akasema. "Maneno hayo tu."

Mimi neno langu sijalichukua. Mara mbili nimefika Newala nikiwa nimekusudia kwenda Chilangala, nimemsalimu fundi, nimekunywa chai dukani kwake, kisha nikapanda gari la kurudi Masasi. Binti wa bibi hunitumia salamu kwa watu. Anasema bado analo, na nisichelewe sana.