Santuri ya Mjomba Verlon Isiyo na Mwimbaji

Mjomba wangu Verlon ni kinyozi huku kwetu Kentucky, na karibu wachimba makaa wote wa bondeni wamekalia kiti chake. Akiweka mkasi chini anashika gitaa. Kidole gumba kinapiga besi, vingine vinacheza wimbo wenyewe, ukisikiliza utaapa wapigaji ni wawili. Mwaka huu, 1961, amerekodi santuri nzima. Nyimbo kumi na mbili, na hakuna anayeimba hata neno.

"Mwimbaji alikukimbia?" mzee Clovis alimtania akinyolewa.

"Tulia mzee, wembe uko karibu na sikio."

Ila bwana Stamps, mtangazaji wa redio ya mjini, hakuwa na utani. "Watu wetu wanataka maneno, Verlon. Jumamosi asubuhi nitapiga wimbo mmoja. Wakinipigia simu watu kumi, utasikika kila wiki. Wasiponipigia, basi."

Mjomba akamwambia Mama, dada yake, kwamba ikiwa ni basi, gitaa anauza.

Jumamosi tulisikiliza kwetu jikoni. Mama alicheza na mikono imejaa unga! Halafu tukangoja. Dakika ishirini baadaye Stamps akasema redioni, "Simu imelia mara moja tu, na huyo alikuwa anatafuta duka la mbolea."

Mjomba akachukua kofia yake. Mimi nikanyakua simu ili nipige, nikakuta kelele za mzee Clovis na jirani yetu Bi Icie.

"Toka kwenye laini, Icie!"

"Toka wewe Clovis, nampigia Stamps!"

"Na sisi wote tunampigia nani?"

Kumbe! Nyumba kumi na nne za bonde letu zina laini moja, na zote zilikuwa zimeinua simu kwa pamoja. Hakuna aliyempata Stamps.

Mama akaninyang'anya simu, akapaza sauti humohumo. "Icie, washa gari! Tunamfuata hukohuko!"

Tulifika mjini magari tisa, Mjomba tumembana katikati asishuke. Bi Icie alikuwa bado na vibano vya nywele kichwani. Stamps akachungulia dirishani, akatuhesabu, akaacha kuhesabu.

"Niwapigie wimbo upi?"

"Upande mzima wa santuri!"

Akafungua madirisha, akaongeza sauti, na watu wakacheza barabarani saa nne asubuhi, na buti za mgodini miguuni. Mjomba alisimama tu, masikio mekundu kwa haya. Bi Icie akamsogelea.

"Wimbo wa tatu umeupiga mbiombio."

"Muda wa studio ulikuwa unaisha, Bi Icie."

"Basi kwenye santuri ya pili usikimbize," akasema, akamvuta mkono wakacheze.